Udongo Uliochoka na Mtoto Aliyevimba

Somo la afya kwa washiriki wa kanisa na kwa wagonjwa

Kabla ya kuanza, mtu mmoja asome kwa sauti Luka 13:6-9, na mwingine asome Mambo ya Walawi 25:1-7. Wasiojua kusoma wasikilize vizuri, maana kwenye maulizo nao watajibu sawasawa na wengine.

Ndugu na mama zetu, mnamjua mtoto tunayemsema leo. Umri wake ni miaka miwili au mitatu. Mama yake amepata mimba nyingine, naye ameachishwa ziwa. Miguu yake imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Uso umejaa kama wa mtoto mnene, lakini mikono ni vijiti. Nywele zimegeuka nyekundu, zang'oka pasipo maumivu. Ngozi inabambuka. Hachezi, hacheki, wala hataki kula. Watu wengine husema amelogwa, au baba yake amevunja mwiko. Sisi wa hospitali tunauita ugonjwa huu kwashiorkor. Jirani zetu wa Kivu ya Kusini huuita bwaki. Neno kwashiorkor si la Wazungu. Ni la Waga, watu wa nchi ya Ghana. Mganga mwanamke, Cicely Williams, alilisikia kwa akina mama wa huko, akaliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Akina mama wale walimaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Walijua mbele ya waganga.

Mtoto huyu akifika kwetu tunampa maziwa ya dawa kidogo kidogo, mchana na usiku, tunamfunika asipate baridi, tunatibu malaria na kuhara kwake. Baada ya majuma machache uvimbe unashuka. Siku anapocheka mara ya kwanza, wodi nzima inafurahi. Anarudi kwao. Na wengine tunawaona tena kabla ya mwaka kwisha, miguu imevimba kama mwanzo.

Dawa ilikuwa njema. Mama yake alisikiliza mafundisho yote, hata aliweza kuyasema kwa kichwa. Basi kwa nini amerudi? Jibu halimo katika kabati letu la dawa. Limo shambani.

Mtu asidhani tunadharau dawa wala sindano. Hapa hapa Kasongo, katika miaka ya 1970, waganga wa kwetu pamoja na wale wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, huko Ubelgiji, waliwafuata watoto wengi wakiandika nani amechanjwa surua na nani amekufa. Mwaka 1981 habari yao ilitoka katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet. Watoto waliochanjwa walikufa wachache kuliko wengine katika umri ule ambao surua hushika kwa nguvu. Lakini waliona pia kwamba tofauti ile ilipungua watoto walipokua kidogo, wakajiuliza: je, mtoto mdhaifu akiokoka katika surua, hatauawa na jambo jingine? Baadaye wataalamu katika nchi nyingine walihesabu tena, wakaonyesha kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto hata kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo leteni watoto wachanjwe, msikose siku yao. Hata hivyo swali la Kasongo lilikuwa swali jema. Sindano inafunga mlango mmoja. Chungu kitupu ni mlango mwingine.

SHAMBA LINALOKULA MWILI WAKE

Desturi yetu twaijua wote. Mwisho wa kiangazi watu hufyeka msitu au kichaka, hungoja majani yakauke, kisha hutia moto. Mvua za mwezi wa tisa zikishuka, mpunga na mahindi hupandwa katika majivu. Mwaka wa kwanza mavuno ni mazuri. Mwaka wa pili yamepungua, watu hupanda karanga na mihogo. Mwaka wa tatu ni mihogo peke yake katikati ya nyasi. Halafu shamba huachwa.

Majivu ni chakula cha mimea kweli, lakini ni karamu ya siku moja. Sehemu kubwa ya unono uliokuwa ndani ya majani imekwenda juu pamoja na moshi. Kilichobaki, mvua zetu kubwa hukichukua. Tazameni maji ya Luama baada ya mvua ya usiku. Wekundu ule ni mashamba yetu. Yanasafiri kwenda Lualaba wala hayatarudi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walilima mahali miaka miwili au mitatu, wakahama, wakaliacha pori lirudi miaka kumi, hata ishirini. Miti ilishuka na mizizi yake mpaka chini sana, ikavuta chakula kilichozama, ikakiangusha juu ya udongo kwa majani yake. Hayo yalikuwa mapumziko ya nchi, marefu kuliko yale ambayo Musa aliwaagiza Waisraeli. Katika Walawi tumesikia kwamba mwaka wa saba nchi ilipaswa kustarehe. Waisraeli hawakutii. Someni wenyewe 2 Mambo ya Nyakati 36:21, mtaona nchi ilivyochukua mapumziko yake kwa nguvu wakati wenyeji wake walipokuwa uhamishoni Babeli.

Ni nini kilichoharibu mapumziko hayo kwetu? Si uvivu, kama wengine wanavyotutukana. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha watu kulima pamba, na Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza kutwishwa mzigo huo. Kila mtu alipimiwa shamba lake la pamba, na asiyelima aliadhibiwa. Vijiji viliondolewa porini vikapangwa kando ya barabara, ili kodi na pamba zikusanywe kwa urahisi. Mpaka leo tunakaa pale pale, mashamba yamebanana kando ya njia kama watu kwenye benchi moja. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1997, na vile vya 1998 mpaka 2003, na baada yake watu wenye silaha wasiokwisha, hasa upande wa Kabambare. Mama atakwendaje kulima mwendo wa saa tatu kutoka nyumbani, asijue atakutana na nani njiani? Analima karibu. Kichaka cha miaka mitatu kinafyekwa tena. Ndipo zinapotokea zile nyasi za majani makali, zenye mzizi mweupe wenye ncha inayochoma hata mhogo ulio chini. Ukiona nyasi zile zimejaa, jua udongo umechoka na moto umepita mara nyingi.

Udongo ukichoka, mimea yenye kudai sana hukimbia mmoja mmoja. Mpunga huondoka kwanza, kisha mahindi, kisha maharage. Mwishowe anabaki mhogo, mgeni aliyetoka Amerika, asiyechagua kitanda.

Hatumtukani mhogo. Katika siku za vita ghala zilichomwa na mbuzi waliibwa, lakini mhogo ulibaki umejificha chini, ukalisha watu. Lakini sikilizeni hesabu hii. Gramu 100 za mhogo mbichi zina kama gramu 1 tu ya chakula cha kujenga mwili, kile tunachokiita protini. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20, na karanga kama 25. Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo. Likijaa bugali la mhogo asubuhi na jioni, limejaa kweli, naye amelala pasipo kulia. Mama anadhani ameshiba. Mwili wake haukupata matofali ya kujengea.

Hivyo njia ya ugonjwa ni moja: udongo umechoka, shamba limebaki na mihogo tu, chungu kimebaki na bugali tu, mtoto amevimba. Surua, kuhara na minyoo huja kumsukuma aliyekwisha kusimama ukingoni.

SUMU KATIKA CHUNGU

Liko jambo la pili juu ya mhogo, nalo ni zito. Mhogo mchungu una sumu. Mama zetu wanajua, ndiyo maana wanauloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha wanauanika juani. Lakini wakati wa njaa, au bei ya unga inapopanda sokoni, watu huharakisha. Wanauloweka siku moja tu.

Katika Kwango, magharibi ya nchi yetu, mganga Trolli aliandika mwaka 1938 habari ya ugonjwa ambao Wayaka huuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima. Asubuhi miguu imekakamaa, magoti yanagongana, naye atatembea juu ya ncha za vidole maisha yake yote, au hatatembea kamwe. Unashika zaidi watoto na wanawake. Dawa ya kuuponya haiko. Ugonjwa huu ulionekana pia Msumbiji mwaka 1981, na Tarime katika Tanzania mwaka 1985, kila mara wakati wa shida, watu walipokula mhogo mchungu usiolowekwa vizuri.

Na hapa wataalamu wameona jambo la kutufaa. Mwili una njia yake ya kuizima sumu ile, lakini kwa kazi hiyo unahitaji chakula cha kujenga mwili. Mtu anayekula mhogo pamoja na maharage, samaki au karanga ana ngao. Anayekula mhogo peke yake hana ngao. Someni 2 Wafalme 4:38-41. Ilikuwa njaa Gilgali; mtu alikwenda porini kuchuma asichokijua, na wale waliokula walilia kwamba mauti imo chunguni. Elisha hakuwakemea kwa njaa yao. Aliagiza unga uletwe, akautia chunguni, wakala wakawa wazima. Nasi tunahitaji kitu cha kutia chunguni, nacho hakitoki sokoni kwa mtu asiye na franka.

KILIMO KINACHODUMU

Mwaka 1978, katika kisiwa cha Tasmania cha nchi ya Australia, mwalimu Bill Mollison na mwanafunzi wake David Holmgren walitoa kitabu juu ya shamba linalojilisha lenyewe. Walichukua neno la kudumu na neno la kilimo wakayaunganisha kuwa jina moja, permakalcha. Maana yake si ngumu. Tazama msitu. Hakuna mtu anayeutilia mbolea, wala anayeupalilia, wala anayeumwagilia maji, nao haupungui. Majani yanaanguka, yanaoza, yanakuwa chakula cha mti ule ule. Mti mrefu unashika jua na upepo, mdogo unakaa chini yake, mtambao unafunika udongo usichomwe na jua wala kupigwa na mvua. Hakuna takataka msituni. Mollison na mwenzake walisema: tupange shamba lifanane na msitu, lakini miti na mimea yake iwe ya kuliwa.

Mimi niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka kidogo, kwa sababu bibi zetu wangeifahamu pasipo kitabu. Nenda kwenye magofu ya kijiji cha zamani, mahali watu walipohama miaka mingi iliyopita. Utakuta migazi imesimama, miembe, ndizi zinazozaa bila mtu, na udongo mweusi mahali palipokuwa jalala. Watoto huchuma huko mpaka leo. Wenyeji wameondoka, nalo shamba linaendelea.

Mji wa Kasongo wenyewe ulijulikana kwa bustani. Daktari Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeingia pamoja na askari wa Dhanis mwaka 1893, wakati utawala wa watu wa Tippu Tip ulipoanguka, aliandika jinsi alivyokuta michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi, miembe na migomba kila upande. Waungwana wa pwani walileta mbegu nyingi na mpunga pia. Bustani zile zililimwa kwa mikono ya watumwa, wala hatuzisifu kwa hilo. Lakini zinashuhudia kwamba udongo wa Kasongo unaweza kuzaa matunda ya kila namna kando ya mlango wa nyumba.

Tena iko mifano iliyo hai. Wachaga wa mlima Kilimanjaro, katika Tanzania, wana shamba la nyumbani waliitalo kihamba. Juu iko miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hukaa zizini na samadi yake hurudi kwenye migomba. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitia kihamba cha Shimbwe Juu katika hesabu ya urithi wa kilimo wa dunia. Ila tusijidanganye: udongo wa Kilimanjaro umetoka katika volkano, ni mnono. Wetu sivyo. Sisi tutafanya kazi zaidi kuulisha.

ANZENI MLANGONI

Msianze na shamba la mbali. Anzeni hatua ishirini kutoka jikoni, mahali ambapo jicho la mama linafika na mbuzi hafiki. Nasema juu ya mbuzi kwa makusudi. Mbuzi akitembea huru kijijini, somo hili lote ni maneno matupu. Afungwe au azungushiwe ua, na samadi yake ikusanywe.

Hapa mtu atasimama na kuniuliza: "Ninyi watu wa hospitali mmetufundisha miaka yote kufagia kiwanja na kuchoma takataka, kwa ajili ya nyoka na nzi. Leo mnasema tusichome?" Ulizo hili ni la haki. Kiwanja kifagiliwe bado, na kando ya nyumba pawe peupe. Lakini yale yanayofagiliwa tuyagawe. Bati, chupa, plastiki na mawe ya tochi yasiingie shambani kamwe. Bandeji na vitambaa vyenye usaha vichomwe. Majani, maganda ya ndizi na ya mihogo, majani ya karanga, majivu ya jikoni, samadi ya kuku na mbuzi, hivyo vyote ni chakula. Bwana Yesu alipowalisha wale watu elfu tano aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12). Yeye aliyeweza kuumba mikate alijali mabaki.

Chimbeni shimo nyuma ya jiko, mbali na kisima, upana wake hatua mbili, kina chake kufika magotini au zaidi kidogo. Udongo mliotoa uwekeni kandokando kama tuta la mviringo. Juu ya tuta hilo pandeni migomba minne au mitano, katikati yake mipapai, na upande wa nje matembele. Machipukizi ya migomba yachukuliwe kwenye shina lisilo na ugonjwa. Tangu mwaka 2001 mnyauko wa migomba umeharibu mashamba mengi ya Kivu, nao hupita kwa panga la mtu, basi panga lipitishwe motoni kabla ya kukata shina jingine. Kila siku yale mabaki yanatupwa shimoni. Maji ya kuoshea vyombo, yale yanayotuama nyuma ya jiko na kuzaa nzi, yapewe mfereji mdogo yaingie humo. Shimo lijazwe majani sikuzote ili maji yasisimame wazi, maana hatutaki kufuga mbu. Baada ya mwaka mmoja mtaona migomba ile ilivyo minene kuliko yote ya kijiji.

Juu ya mavi ya watu neno ni moja. Yasitiwe katika bustani. Yana mayai ya minyoo yanayokaa muda mrefu. Choo kiwe na kifuniko, na kiwe hatua thelathini au zaidi kutoka kisimani.

Karibu na mlango pandeni zile mboga zinazochumwa kila siku: lengalenga, matembele, bamia, nyanya, biringanya. Funikeni udongo kwa majani makavu katikati ya mistari. Katika kiangazi, miezi ya sita, saba na nane, udongo uliofunikwa unabaki na unyevu wakati kiwanja cha jirani kimekuwa kama tofali.

Sasa shamba la mbali kidogo. Ng'oeni mkaranga mmoja, mtikise udongo, mtazame mizizi. Mtaona vivimbe vidogo kama shanga. Humo wanakaa viumbe wadogo sana ambao Mungu amewapa kazi ya kushika chakula cha mimea kilichomo hewani, naitrojeni, na kukitia katika mmea. Karanga, maharage, kunde, soya na mbaazi hufanya hivyo. Kwa hiyo mhogo usikae peke yake. Katikati ya mistari yake pandeni karanga au kunde, na kila hatua kumi mstari wa mbaazi. Mbaazi huishi zaidi ya mwaka, majani yake huanguka yakilisha udongo, na punje zake zinaliwa. Uko pia ule mmea ambao watu huutwanga na kuutia mtoni ili samaki walewe. Waswahili huuita utupa. Nao una vivimbe vile vile. Upandeni katika shamba linalopumzika, na baada ya mwaka mmoja au miwili mkate mlaze majani chini. Lakini ni sumu. Hauliwi, mbuzi asilishwe, watoto waambiwe.

Kama shamba liko mteremkoni, mistari ikate mteremko, isishuke nao. Mananasi yaliyopandwa karibu karibu yatashika udongo, nayo yatawalipa kwa matunda.

Watu wengine watasema nchi iliyokwisha kuchoka haiponi. Katika uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, mahali paitwapo Mampu, tangu miaka ya 1980 akasia zilipandwa juu ya mchanga mkavu, kiasi cha hektari 8,000. Akasia nazo zina vivimbe. Wakulima hukata sehemu moja, huchoma makaa, hupanda mihogo na mahindi, kisha huacha akasia zirudi. Ni kweli kwamba huko moto bado unatumiwa, lakini kwa kipimo na kwa zamu, si kila kiangazi mlima mzima kwa ajili ya kufukuza panya.

MANENO YA KUSEMWA NA WAZEE

Moto wa jirani ni shida kuliko udongo. Mtu mmoja akiwinda panya kwa moto, kazi ya miaka mitatu ya mjane inakwisha kwa nusu saa. Mke na mume peke yao hawawezi kuzuia. Hii ni kazi ya chifu na wazee wa kanisa kukaa pamoja kabla ya kiangazi, kukubaliana siku, na kufyeka njia pana ya kukinga moto.

Tena, kwetu mti ni kama hati. Anayepanda mwembe au mgazi anaonekana anadai nchi. Mama aliyeolewa kutoka ukoo mwingine, au mgeni aliyekimbia vita, akipanda miti bila kuuliza, kesho yuko mbele ya baraza. Basi aulize kwanza mzee wa ukoo mwenye nchi, mbele ya mashahidi wawili. Asipopata ruhusa ya miti, apande mbaazi, mipapai na mboga. Nawaomba akina baba Wakristo wasiwe wagumu katika jambo hili. Mjane anayeomba hatua ishirini anaomba chakula cha watoto wa ukoo wenu wenyewe.

Na vijana walio katika mashimo ya dhahabu, upande wa Namoya na Salamabila, ndio mara nyingi baba za watoto tunaowaona wodini. Fedha hufika nyumbani siku moja, siku nyingi haifiki. Hatuwezi kuwaambia waache dhahabu. Tunawaambia wachimbe lile shimo la migomba kabla ya kuondoka. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu aliyezoea kuchimba.

BAKULI LA MTOTO

Mavuno yasipofika katika bakuli la mdogo, tumelima bure. Yakivunwa yote yakauzwa, mtoto atavimba karibu na bustani nzuri. Tumeona hayo pia.

Mtoto anyonye mpaka miaka miwili. Akifika miezi sita aanze chakula kingine. Awe na bakuli lake mwenyewe, asishindane na wakubwa katika sinia. Ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Uji au bugali laini, pamoja na sombe iliyotwangwa sana na kupikwa muda mrefu mpaka uchungu uishe. Karanga zilizosagwa ndani yake. Na kijiko cha mawese mekundu, yanayolinda macho. Karanga zenye ukungu zitupwe, msiseme zitafaa kwa mtoto. Siku nyingine maharage yaliyopondwa, siku nyingine dagaa, yai, viwavi au kumbikumbi. Papai likiiva, alipate.

Sasa rudini kwa Luka 13. Mwenye shamba aliona mtini haukuzaa miaka mitatu, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba hakubisha kwamba mti ni mbaya. Aliomba mwaka mmoja, akaahidi kazi mbili, kuchimba pande zote na kutia samadi. Msomapo mfano huo mnafikiri juu ya mioyo yetu na uvumilivu wa Mungu, na ndivyo ipasavyo. Lakini angalieni kwamba Bwana aliposema juu ya rehema alimtaja mtu mwenye jembe na samadi mikononi.

MAULIZO

Mtini wa Luka 13 ulipewa mwaka mmoja zaidi kwa masharti gani? Katika kijiji chenu shamba hupumzika miaka mingapi sasa, na wakati wa babu zenu lilipumzika miaka mingapi? Ni vyakula gani vilivyokuwa chunguni zamani ambavyo havionekani tena? Mhogo mchungu unalowekwa siku ngapi nyumbani kwenu, na katika miezi ya njaa siku ngapi? Nani atakwenda kuzungumza na chifu juu ya moto, naye ataondoka lini? Kati ya waliokaa hapa, nani anayo mbegu ya mbaazi au ya kunde ya kuwagawia wengine kabla ya mvua za mwezi wa tisa?